Damu ya mtoto wako hupelekwa wapi?

Utafiti wa afya umebadilisha jinsi watoto wanavyokingwa na kutibiwa nchini Kenya. Lakini wazazi wengi hutia sahihi bila kujua wanachokubali.

NI swali ambalo wauguzi katika miradi ya utafiti wa afya hulisikia kila mara, kuanzia Kilifi hadi Siaya: hii damu mnayomtoa mwanangu mnaipeleka wapi?

Wazazi wengine huliuliza kwa sauti. Wengi hulimeza, wakatia sahihi au alama ya kidole gumba, kisha wakaenda nalo nyumbani kulijadili na jirani. Na huko kwa jirani ndiko swali lisilojibiwa hugeuka kuwa uvumi.

Katika Pwani uvumi huo una jina la tangu zamani: mumiani. Tangu enzi za ukoloni watu wamehadithiana kuhusu watu wa ajabu, aghalabu wakihusishwa na serikali, hospitali au hata kikosi cha zimamoto, wanaowavizia wapita njia usiku na kuwafyonza damu ili itengenezwe dawa. Haishangazi basi kwamba watafiti walipoanza kuzunguka vijijini Kilifi wakiwa na sindano na vichupa, baadhi ya wakazi waliwatazama kwa jicho la shaka, na wengine wakanong'ona kwamba hao ni waabudu shetani.

Msomaji, ni rahisi kwa mtu wa mjini kucheka mambo hayo. Lakini swali la mzazi wa Kilifi ni swali la haki, na linamhusu pia mzazi wa Umoja, Likoni au Nyalenda. Utafiti wa afya haufanywi mashambani pekee. Huenda wewe mwenyewe ukaombwa kesho, au binti yako aliye chuoni akaombwa, kujiunga na jaribio la dawa au chanjo. Je, utajua cha kuuliza?

Mji mdogo, kazi kubwa

Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, KEMRI, iliundwa kwa sheria mwaka wa 1979. Mwaka huo huo ilianza kushirikiana na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, katika eneo la Nyanza. Miaka kumi baadaye, 1989, ilianzisha kazi nyingine Kilifi kwa ushirikiano na shirika la Wellcome Trust la Uingereza na Chuo Kikuu cha Oxford.

Kilifi wakati huo ulikuwa mji mdogo kando ya hori, kama kilomita 60 kaskazini mwa Mombasa, wenye hospitali ya wilaya iliyofanana na hospitali nyingine yoyote ya wilaya. Watafiti hawakujenga jumba lao mbali na wagonjwa. Walianza ndani ya hospitali hiyo, kando ya wodi ya watoto, wakiwatibu watoto wale wale waliokuwa wakiwachunguza.

Tangu mwaka wa 2000 wamekuwa wakiendesha pia daftari kubwa la wakazi. Wahojiwaji hupita nyumba kwa nyumba, mwaka baada ya mwaka, wakiandika nani amezaliwa, nani amehama na nani amefariki. Eneo hilo lina zaidi ya watu robo milioni. Kwa mtu wa kawaida hiyo ni kazi ya karani tu. Kumbe ndiyo msingi wa mambo yote, kwa maana katika nchi ambako watu wengi hufia nyumbani na kuzikwa bila cheti, huwezi kujua kama dawa imepunguza vifo ikiwa hujui ni wangapi walikuwa wakifa hapo mwanzo.

Safari ya kijiko kimoja cha damu

Turudi kwenye swali letu. Damu inayotolewa kwa mtoto aliyelazwa aghalabu haizidi kijiko kimoja au viwili vya chai. Tone moja hupakwa kwenye kioo, likatiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini ili kuona kama lina vimelea vya malaria. Kiasi kidogo hupimwa ili ijulikane kama mtoto ana upungufu wa damu. Kinachobaki kinaweza kutiwa ndani ya chupa yenye chakula cha bakteria na kuwekwa mahali penye joto. Kama kuna bakteria katika damu hiyo, watakua na kuonekana.

Hatua hii ya mwisho ndiyo iliyofumbua macho ya wengi. Kwa miaka mingi, mtoto wa Kiafrika aliyeletwa hospitalini akiwa na homa kali alidhaniwa moja kwa moja kuwa na malaria. Hospitali nyingi za wilaya hazikuwa na uwezo wa kuotesha bakteria, kwa hivyo hakuna aliyewaona, na asiyeonekana hahesabiwi.

Kati ya 1998 na 2002, damu ya watoto waliolazwa Kilifi, zaidi ya 19,000 kwa jumla, ilichunguzwa kwa njia hiyo. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2005. Miongoni mwa wachanga wasiozidi siku 60, karibu 13 kwa kila 100 walikuwa na bakteria katika damu. Miongoni mwa wakubwa zaidi walikuwa karibu sita kwa kila 100. Na katika kila watoto 100 waliofariki hospitalini, 26 walikuwa na bakteria hao. Robo nzima ya vifo ilikuwa imejificha nyuma ya neno "homa".

Lakini kuotesha bakteria huchukua siku moja au mbili, na wakati mwingine zaidi. Mtoto mahututi hana muda huo. Ndiyo maana jibu bora lilikuwa kumkinga kabla hajaugua. Mnamo Novemba 2001, Kenya ilianza kutoa chanjo inayokinga magonjwa matano kwa sindano moja: dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini aina ya B na magonjwa yanayoletwa na bakteria aitwaye Hib, ambaye husababisha nimonia na uti wa mgongo. Kwa kuwa Kilifi walikuwa na hesabu za kabla, waliweza kulinganisha. Kufikia mwaka wa 2005, ugonjwa mkali wa Hib miongoni mwa watoto wa chini ya miaka mitano ulikuwa umepungua kwa asilimia 88.

Chanjo dhidi ya bakteria mwingine wa nimonia, nimokoka, ilifuata Januari 2011. Miaka michache baadaye ugonjwa mkali unaotokana na aina za nimokoka zilizomo katika chanjo hiyo ulikuwa umepungua Kilifi kwa asilimia 92 miongoni mwa watoto wa umri huo.

Kwa hivyo, mama unayempeleka mtoto kliniki leo akadungwa sindano mapajani, ujue kwamba sehemu ya ushahidi wa sindano hizo ilitokana na vile vijiko vya damu. Damu haikunywewa na mumiani. Iliandikwa katika vitabu vya hesabu.

Kura ya chandarua

Labda hakuna mfano unaoeleweka upesi zaidi ya ule wa chandarua. Leo hakuna anayebishana kwamba mtoto alale ndani ya neti iliyotiwa dawa. Miaka ya mapema ya tisini jambo hilo lilikuwa la kubishaniwa. Wapo waliosema mbu watazoea, wapo waliosema watu hawatazitumia, na wapo waliohofia kwamba neti zingechelewesha tu kifo cha mtoto.

Njia ya kumaliza ubishi ilikuwa kulinganisha. Kati ya 1993 na 1995 vijiji vya sehemu ya Kilifi viligawanywa kwa maeneo, na kura ikapigwa. Nusu ya maeneo yalipewa vyandarua vilivyotiwa dawa, nusu nyingine yakaendelea kama kawaida. Kwa nini kura? Kwa sababu watafiti wangewapa neti wale waliozitaka zaidi, pengine wangekuwa ndio wenye kisomo au wenye nyumba bora, na watoto wao wangeishi muda mrefu hata bila neti. Kura haina upendeleo.

Matokeo yalitangazwa mwaka wa 1996. Katika maeneo yenye vyandarua, vifo vya watoto wa kati ya mwezi mmoja na miaka mitano vilikuwa vimepungua kwa asilimia 33. Watoto waliolazwa kwa malaria kali walipungua kwa asilimia 44.

Jaribio jingine kubwa lilifanywa magharibi mwa nchi, Asembo na Gem, miaka ya mwisho ya tisini. Huko malaria ni kali zaidi, na mtoto huumwa na mbu wenye vimelea mwaka mzima. Vifo vya watoto vilipungua kwa asilimia 16. Watafiti waligundua jambo jingine la ajabu: hata watoto wasio na neti walinufaika ikiwa boma lao lilikuwa ndani ya mita 300 kutoka maboma yenye neti. Dawa ya neti iliua mbu wengi kiasi kwamba jirani naye alipata nafuu. Jaribio lilipokwisha, vijiji vilivyokuwa vya kulinganishia navyo vilipewa vyandarua.

Ukawa umebaki ubishi wa bei. Je, neti ziuzwe au zitolewe bure? Wataalamu wengi waliamini kwamba cha bure hakithaminiwi, na kwamba mtu akipewa neti bila kulipa ataifanya wavu wa kuvulia omena. Jaribio lililofanywa katika kliniki za akina mama wajawazito magharibi mwa Kenya, na kuchapishwa mwaka wa 2010, liliupima usemi huo. Bei ilipopanda kutoka bure hadi shilingi 40 tu, wanawake waliochukua neti walipungua kwa pointi 60 kwa kila 100. Nao waliopewa bure walizitundika sawa na waliolipa. Wakati huo serikali ilikuwa tayari imebadilisha mkondo: mwaka wa 2006 vyandarua zaidi ya milioni tatu viligawiwa bure kwa watoto nchini.

Mwenye duka naye ni daktari

Si utafiti wote unaohitaji sindano. Watafiti wa Kilifi waliona mapema kwamba mtoto akipata homa usiku, mama hakimbilii hospitali iliyo mbali. Hutuma mtoto mkubwa dukani akanunue vidonge. Mwenye duka anayeuza sukari na mafuta ya taa ndiye pia anayeuza dawa, na mara nyingi huuza vidonge viwili badala ya dozi kamili kwa sababu hizo ndizo pesa alizo nazo mteja.

Badala ya kuwakemea wenye maduka, watafiti waliwafundisha. Kabla ya mafunzo, watoto waliopata dozi ya kutosha ya klorokwini walikuwa chini ya wanne kwa kila 100 wenye homa. Baada ya mafunzo walizidi 65. Klorokwini yenyewe iliacha kuwa dawa ya kwanza ya malaria nchini mwaka wa 1998, kwa sababu vimelea viliizoea. Somo lakini lilibaki: usimpite yule ambaye wananchi humwendea kwanza.

Hata simu ya mkononi imefanyiwa utafiti. Mwaka wa 2011 matokeo ya jaribio katika vituo 107 vya afya vya mashambani yalionyesha kwamba wahudumu waliotumiwa ujumbe mfupi wa kuwakumbusha jinsi ya kutibu malaria waliwatibu watoto kwa usahihi zaidi, kwa takriban pointi 24 kwa kila 100, na manufaa hayo yalionekana hata miezi sita baada ya ujumbe kukoma.

Wema uliokuwa ukiua

Sasa tufike kwenye kisa ambacho kila mzazi na kila mwanafunzi anayetaka kuwa daktari anafaa kukijua.

Mtoto akifikishwa hospitalini akiwa na homa kali, mikono baridi na mapigo dhaifu, mafunzo ya madaktari duniani yalisema apewe maji mengi upesi kupitia mshipani. Ilionekana ni jambo la wazi. Nchi tajiri zilifanya hivyo. Katika hospitali nyingi za Afrika halikufanywa kwa ukamilifu, na wengi waliona huo ni upungufu unaopaswa kurekebishwa.

Madaktari wakiongozwa na Kathryn Maitland wa Kilifi waliamua kulipima jambo hilo. Jaribio lilifanywa Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto 3,141. Kura iliamua nani apewe maji mengi ya haraka na nani apewe polepole kwa kiasi cha kawaida tu. Wote walipata dawa na uangalizi mwingine sawasawa.

Mapema mwaka wa 2011 kamati huru iliyokuwa ikichungulia hesabu iliamuru jaribio lisimamishwe. Katika kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka, karibu 11 walikuwa wamefariki ndani ya saa 48. Miongoni mwa wasiopewa walikuwa saba. Kile kilichodhaniwa kuwa wokovu kilikuwa kikiongeza vifo.

Hebu fikiria mzazi ambaye mtoto wake kura ilimwangukia kundi la kutopewa. Angeweza kulalamika kwamba mwanawe amenyimwa haki yake. Kumbe ndiye aliyekuwa upande wenye usalama zaidi, na hakuna hata daktari mmoja aliyelijua hilo mwanzoni.

Ni lazima tuongeze onyo hapa. Jaribio hilo halikuwahusisha watoto wanaoendesha. Mtoto mwenye kuhara na kutapika bado anahitaji maji, na maji ya chumvi na sukari ya pakiti bado ni dawa yake. Asiache mzazi kumnywesha kwa kusoma makala haya.

Tiba isiyolinganishwa

Kisa kingine kinatufundisha somo hilo kwa upande wa pili. Mwaka wa 1990 Kenya ilitangaza kwa shangwe dawa iitwayo Kemron, iliyotokana na utafiti wa KEMRI, kuwa inawasaidia wagonjwa wa Ukimwi. Wakati huo Ukimwi ulikuwa hukumu ya kifo, na matumaini yalivuka bahari. Wagonjwa kutoka nchi za nje waliitafuta. Lakini matokeo ya kwanza hayakuwa na kundi la kulinganishia. Majaribio yaliyofuata katika nchi mbalimbali, yakiwa na makundi mawili na kura, hayakuonyesha kwamba dawa hiyo ilikuwa na faida iliyodaiwa.

Wagonjwa walikuwa wakisema wanajisikia vizuri, na pengine walisema kweli. Mgonjwa aliyepewa matumaini hula, hulala na huinuka. Ndiyo sababu katika majaribio mazuri si mgonjwa wala muuguzi anayejua nani amepewa dawa na nani amepewa cha kulinganishia.

Chanjo ya malaria na mavuno yake

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba malaria iliua watu 597,000 mwaka wa 2023, asilimia 95 yao wakiwa barani Afrika, na wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Kwa miaka mingi chanjo yake ilikuwa ndoto, kwa sababu kimelea cha malaria hubadilika umbo mara kadhaa ndani ya mwili.

Chanjo ya kwanza, RTS,S, ilijaribiwa kati ya 2009 na 2014 kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba. Kenya ilikuwa na vituo vitatu: Kilifi, Siaya na Kombewa. Watoto wa kundi la kulinganishia hawakuachwa mikono mitupu. Wale wakubwa walipewa chanjo ya kichaa cha mbwa, ili nao wapate kinga ya jambo fulani. Watoto waliopewa dozi nne kuanzia miezi mitano walipata kinga ya asilimia 36 dhidi ya malaria. Si kinga kamili, na hakuna aliyedai hivyo. Lakini ugonjwa ambao mtoto mmoja huupata mara kadhaa kwa mwaka ukipunguzwa kwa thuluthi, ni mengi yaliyookolewa.

Mwezi Septemba 2019 chanjo hiyo ilianza kutolewa kliniki katika Kaunti ya Homa Bay. Malawi na Ghana zilikuwa zimekwisha kuanza mwaka huo huo. Baada ya hesabu za nchi hizo tatu, Shirika la Afya Duniani liliiidhinisha Oktoba 2021. Vifo vya watoto waliostahili kuipata vilipungua kwa asilimia 13. Chanjo ya pili, R21, ambayo pia ilijaribiwa Kilifi, iliidhinishwa Oktoba 2023.

Hapa kuna jambo la kutafakari. Chanjo ilipoanza kutolewa mwaka wa 2019, ilitengewa kaunti nane za magharibi na Ziwa Victoria, ambako malaria ni nyingi. Kilifi, ambako watoto walijitolea kwa majaribio ya chanjo zote mbili, haikuwa miongoni mwazo. Sababu iliyotolewa ni ya haki: kinga iende kwanza penye maradhi makali. Hata hivyo mzazi wa Kilifi anaruhusiwa kuuliza lini wanaolima nao watavuna. Swali hilo ni sehemu ya utafiti mwema, na wakubwa wanapaswa kulijibu bila kukasirika.

Sahihi yako ina uzito gani?

Uchunguzi uliofanywa Kilifi kwenyewe kuhusu wazazi waliokubali watoto wao washiriki ulionyesha tatizo. Wengi hawakutofautisha utafiti na matibabu. Walijua tu kwamba wapo madaktari wazuri, wasiodai pesa, na kwamba mtoto atapimwa vizuri. Wengine walidhani kwamba wakikataa mtoto hatatibiwa. Wengine hawakuweza kuamua bila kumuuliza baba wa mtoto au mama mkwe.

Tusijidanganye kwamba umaskini hauna sauti katika mambo haya. Mahali ambapo mtoto hukosa dawa kwa sababu ya shilingi mia mbili, mradi unaotoa matibabu bure na nauli ya kurudi nyumbani ni vigumu kuukataa. Sahihi iliyotiwa kwa njaa si sawa na sahihi iliyotiwa kwa kuelewa.

Baada ya uchunguzi huo hatua zimechukuliwa. Vijiji vya Kilifi huchagua wawakilishi wao wanaokutana na watafiti, wakapeleka malalamiko na kuleta majibu. Maelezo hutolewa kwa Kiswahili na Kigiriama. Kwa mtoto aliyeletwa mahututi, kama katika lile jaribio la maji, mzazi alielezwa kwa ufupi akakubali kwa mdomo, kisha akaelezwa yote hali ilipotulia.

Sheria nayo ipo. Utafiti wowote kwa binadamu nchini lazima upitishwe na kamati ya maadili iliyoidhinishwa, na upate leseni ya tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2013. Sheria ya kulinda habari za watu binafsi ilipitishwa mwaka wa 2019. Lakini sheria isiyojulikana na mwenyewe ni kama paa lisilo na nyumba.

Maswali kumi ya kuuliza

Ukiombwa kushiriki, au mtoto wako akiombwa, usione haya kuuliza:

1. Haya ni matibabu au ni utafiti? Au ni yote mawili?
2. Mnataka kujua nini hasa?
3. Kuna kura? Mwanangu anaweza kuwekwa katika makundi gani?
4. Damu mtakayotoa ni vijiko vingapi, na mara ngapi?
5. Damu itahifadhiwa kwa muda gani? Itapelekwa nje ya nchi?
6. Madhara yanayojulikana ni yapi? Akidhurika, nani atagharamia matibabu?
7. Nikikataa, atatibiwa kama kawaida? (Jibu lazima liwe ndiyo.)
8. Nikikubali leo, naweza kujitoa kesho bila kutoa sababu? (Jibu hapa pia lazima liwe ndiyo.)
9. Kamati gani ya maadili imeupitisha utafiti huu, na simu yake ni ipi?
10. Matokeo yakipatikana, mtarudi kutuambia?

Mtafiti mwaminifu atafurahia maswali hayo. Anayeyakwepa, au anayekuharakisha ilhali mtoto hayuko mahututi, mwambie utafikiri kwanza. Omba nakala ya karatasi uliyosomewa uende nayo nyumbani.

Kwa vijana walio shuleni

Wanafunzi wengi hudhani kwamba utafiti ni kazi ya Wazungu wenye makoti meupe. Ukweli ni kwamba leo kazi kubwa katika vituo hivi hufanywa na Wakenya: madaktari, wauguzi, wataalamu wa maabara, wa takwimu na wa mbu, na wale vijana wanaopita nyumba kwa nyumba wakiandika waliozaliwa na waliofariki. Hesabu ya uwezekano inayowachosha darasani ndiyo iliyogundua kwamba maji ya haraka yanaua.

Kazi nayo haijaisha. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2020 ulionyesha kwamba watoto sita kwa kila 100 nchini walikuwa na vimelea vya malaria, lakini katika maeneo ya Ziwa walikuwa 19. Maswali yatakayofuata yatahitaji damu ya mtu, na mtu huyo atakuwa mtoto wa fulani.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mzazi aulizaye damu ya mwanawe inakwenda wapi hapingi sayansi. Anafanya kile kile ambacho mtafiti hufanya kila siku: kukataa kuamini mpaka aonyeshwe.